Pezi la Mtu Mmoja

Nyumbani kwetu hakuna mtu mwenye ndara zake. Ziko mlangoni, rundo zima, na anayetoka anavaa zilizo karibu: ya kulia nyekundu, ya kushoto ya bluu, si kitu. Mume wangu Tikyo amewahi kwenda misa na ndara za shangazi yake, visigino vikiburura vumbi, na hakuna aliyecheka kwa sababu nusu ya waumini walikuwa hivyo hivyo. Ndivyo tulivyolelewa huku kisiwani Panglao, Ufilipino. Kitu kikiingia ndani ya nyumba ni cha nyumba. Ukinunua fulana, nunua ya kumtosha mnene, maana mwembamba ataivaa tu. Ukinunua ndogo umejinunulia peke yako, na watu watakutazama.

Nalisema hili mapema ili mtu asije akamwona wifi yangu Pilang mpumbavu. Kama ni upumbavu basi ni wetu sote, na alituzidi kwa kuuacha.

Pilang ni dada wa Tikyo. Jina lake la ubatizo ni Teofila, lakini hata padri halitumii. Ana miaka arobaini na ushee, hakuolewa, na ukimuuliza kwa nini hakuolewa anakuuliza wewe kwa nini uliolewa. Nimekaa naye nyumba moja tangu nilipoletwa hapa bibi arusi, na miaka ya kwanza hatukuelewana hata kidogo. Mimi nina mdomo, yeye hana. Mwenye mdomo akikaa na asiye na mdomo anagombana peke yake, na hilo linachosha kuliko kufua.

Kazi yake ilikuwa majini. Alianza kama sisi wote, kuokota kombe maji yakikupwa, ila sisi tulirudi nyumbani maji yalipojaa, yeye akaendelea kushuka. Wageni walipoanza kuja na mchezo wao wa kuzamia kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa, bila chochote ila kamba ya kuwaonyesha njia ya chini, aliutazama akasema kumbe jambo hili watu wanalilipia. Bwana Arnulfo, mwenye ngalawa ya injini inayowapeleka, akamwajiri. Alikuwa anashuka kuwapokea wageni wakiwa njiani kurudi, anapanda nao uso kwa uso, anawatazama macho. Maana mtu wa pumzi moja mara nyingi hazimii kule chini. Huzimia karibu na juu, pale anapodhani ameshafika. Pilang ndiye aliyekuwa anawangoja hapo. Amewahi kuleta juu mijitu mizima ya kiume, kaishika kidevu, na nyumbani hakusimulia. Tulisikia kwa wengine.

Kisha ikaja ajali. Tikyo alikuwa anaendesha pikipiki, Pilang kakaa nyuma, wanatoka sokoni, mvua imepita punde. Kwenye kona pikipiki ikateleza ikalala juu ya mguu wake wa kulia. Tikyo alitoka na mchubuko wa kiwiko, basi. Mfupa wa Pilang ulipona, lakini mshipa wa fahamu haukupona. Unyayo ukawa unaning'inia, nyama ikakonda, na hata leo akiweka miguu yake pamoja utadhani mmoja ni wa mwanamke na mwingine ni wa binti yake. Ndiyo maana siku zote anavaa soksi, joto lote hili.

Nchi kavu alijifunza upya kutembea. Majini ndiko kulikomshinda. Wazamiaji huvaa pezi refu kila mguu, la kusukumia maji kama samaki. Mguu wake mzima ulisukuma, ule mgonjwa ukapepea tu, na yeye akawa anazunguka kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja. Bwana Arnulfo alimjaribu, akamjaribu tena, mwisho akamwambia kwa upole akae ngalawani ashike kamba. Miaka miwili Pilang alishika kamba, akitazama wenzake wakishuka mahali pake. Na Tikyo tangu siku ile hakumwacha dada yake aguse maji bila kumshika mkono, hata maji ya magotini, hata akienda kuosha sufuria. Juu ya ajali hakusema neno. Alishika mkono tu.

Siku jambo lenyewe lilipoanza nilikuwepo, nauza ndizi zangu za kukaanga na sukari pale ngalawa zinapofunga. Mgeni mmoja mwanamke, Mkorea, alikuwa na pezi la namna nyingine: bapa moja pana, mfano wa mkia wa nyangumi, na viatu viwili vya mpira vimeunganishwa hapo, miguu yote inaingia pamoja. Ukilivaa huwezi kutembea. Unatikisa kiuno na mwili wote unafuata. Sijui Pilang alimwomba au yule mama alimwona tu anavyolitazama. Nilichoona ni wifi yangu kakaa kwenye maji ya kiunoni, kalivaa, kaka yake kamshika mkono kama kawaida, kisha kajisukuma mbele akamponyoka. Akaenda. Hakuzunguka. Mguu mzima uliubeba ule mgonjwa, akapita chini ya maji kama uzi uliovutwa, mpaka kwenye maboya ya mwisho, na Tikyo anamkimbilia huku anaita jina lake kama mtu aliyeibiwa.

Usiku huo alipomaliza wali wake akasema, "Nauza nguruwe."

"Nguruwe yupi?" nikamuuliza, utadhani tunao zizi zima.

Alikuwa mmoja, wa Pilang, lakini makombo na pumba nilimlisha mimi, na alikuwa wa sikukuu. Kwetu mwezi wa Mei kila kijiji kina siku ya mtakatifu wake, milango inaachwa wazi, anayepita anaingia anakula, hata usiyemjua. Nyumba isiyochoma nguruwe siku hiyo inasemwa mpaka Krismasi. Nikamweleza hayo yote, na kwa sauti. Nikamuuliza wageni watakula nini, mpira? Nikamuuliza kama anajijua umri wake. Nilisema mengi, na mengine hayakuwa mazuri. Yeye alingoja nimalize, kama anavyongoja siku zote.

"Wifi," akasema, "leo nilikwenda moja kwa moja."

Basi. Niliondoa sahani nikaenda kuziosha, na huko nikajikuta nimeshakubali, ila sikumwambia mpaka asubuhi.

Naye aibu ilikuwa imemshika. Mtu wa kwetu haombi kitu chake peke yake hivi hivi, anakiwekea sababu. Asubuhi hiyo akatuambia sote, kabla hatujauliza, kwamba atachukua pezi kubwa. Kaka naye alivae, watoto wakikua walivae, hata mimi nikitaka. Tikyo alifurahi mno. Alipima mguu wake kwa kijiti, akakivunja hapo kidole gumba kilipoishia, akampa dada yake aende nacho.

Bwana Arnulfo alikuwa amemwelekeza vizuri, hilo siwezi kumkatalia. Alimwambia mapezi haya ni ya aina tatu. Kuna ya plastiki, ya wasichana wanaopigwa picha wamejifanya nguva. Hayo ni rahisi, lakini rahisi ni ghali, ukishuka nayo yanapinda yasirudi. Kuna ya kaboni ya mabingwa, na bei yake unanunua nyati wa kulimia ukabaki na chenji. Katikati kuna ya faibaglasi, na mtu wa kuanza anatosheka na hilo, tena lililotumika. Alimwambia achague laini, asione wivu na ngumu, maana bapa gumu kwa mtu asiyezoea linamla mgongo. Alikunje taratibu kwenye goti, atazame pale mpira unapokutana na bapa. Akiona mistari myeupe kama nywele, aliache, linakufa hilo. Na kabla ya yote hayo alimwambia: kwanza kiatu, pili kiatu, halafu ndipo tazama bapa. Pilang aliitikia kila neno. Lakini kijiti cha Tikyo kilikuwa mfukoni.

Tulikwenda mjini pamoja, mimi na yeye. Muuzaji alikuwa Bi Araceli, mama wa Manila aliyekuwa na duka la vifaa vya kuzamia na sasa anafunga arudi kwao. Alikuwa na maboksi kila mahali, na mapezi mawili tu ya namna ile yamebaki. Moja kubwa, karibu jipya, bapa la bluu linang'aa hata mimi nikalitamani. Lingine dogo, mpira umegeuka rangi ya chai, bapa lina mikwaruzo, na laini kiasi kwamba ukilitikisa linaitikia. Bei moja. Lile kubwa, alisema, wateja wenye miguu mikubwa ni wachache, hataki kulibeba melini.

Nilimwona Pilang analishika lile dogo kwanza. Alilikunja kwenye goti, akalinusa mpira, akaingiza mkono ndani ya kiatu akakaa nao humo kitambo. Kisha akaliweka chini.

"Nani atavaa?" akauliza Bi Araceli.

"Sisi," akasema Pilang.

"Sisi nani, dada?"

"Nyumbani."

Yule mama alimtazama juu ya miwani. Akasema alijaribu basi, lakini akae, aning'inize miguu, avue soksi, alowanishe kwa maji ya sabuni. Mguu uliosimama chini unatanuka, na huko baharini hakuna atakayesimama. Pilang alikaa, lakini soksi hakuvua. Aliingiza miguu kwenye lile kubwa ikaingia kama mikono kwenye gunia. Akatoa kijiti, akakipima ndani, kikatosha. Akasema linafaa. Nami, nisingizie nani, nikasema linapendeza.

Bi Araceli alichukua pesa, akasema meli yake inaondoka Jumapili baada ya misa, na mpaka hapo kama halikufaa, na halijaharibika, amrudishie. Nilimwona anasema hivyo huku anaitazama ile soksi ya kulia.

Lilipofika nyumbani lilipokewa kama mtoto mchanga. Pilang lilimteleza mlangoni likaanguka, akaliokota akalibusu, kama tunavyobusu kiazi kikuu kikianguka, maana kwetu ni chakula cha heshima, na watoto wakalibusu nao. Tangu hapo likawa la nyumba. Tikyo alilivaa akaogelea nalo jioni nzima. Watoto walilikalia wakateleza nalo mchangani. Na kesho yake asubuhi nikamkuta mume wangu kaliegemeza juani kwenye ua, kaanika juu yake samaki wa kupasua.

"Ni pana," akaniambia. "Na linashika jua vizuri."

Pilang aliona. Aliwatoa samaki mmoja mmoja akawapanga kwenye wavu, akaliosha bapa lake. Yaani ningekuwa mimi, samaki wale wangelirudi baharini.

Jumamosi Bwana Arnulfo akamchukua kwenda kulijaribu kwenye kina, pale ukuta wa matumbawe unapokatika na maji yanabadilika rangi. Tikyo alikwenda, mimi pia. Pilang alikuwa amevaa soksi mbili mguu wa kulia, na ndani ya kiatu kaingiza kipande cha sifongo cha vyombo. Nilikijua ni cha kwangu. Tikyo akamshusha majini, akamshika mpaka dakika ya mwisho. Akavuta pumzi, akainama, akaenda.

Alikwenda vizuri mwanzo. Mimi nilimwona mpaka giza la maji likamla. Kisha kamba ikatikisika, na haikutikisika kama inavyotikisika mtu akiigusa, ilivutwa. Bwana Arnulfo hakuuliza, alishazama. Huko chini, walinieleza baadaye, sifongo lilikuwa limeloa likaporomoka, mguu mwembamba ukachomoka, na pezi likageuka upande likining'inia kwenye mguu mzima, likimpinda kama mlango uliotoka bawaba moja. Ilibidi ajivute juu kwa mikono, kwa kamba, urefu wote ule, huku anaburura lile dude. Alifika juu midomo imebadilika rangi. Alipumua, akapumua, akatoa ishara kwamba yuko sawa. Sawa hakuwa.

Tikyo alimpandisha ngalawani akamvua lile pezi. Bwana Arnulfo, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alililaza pezi kwenye ubao akatazama ndani ya kiatu.

"Hiki umemnunulia nani?" akamuuliza.

Pilang akakamua nywele zake.

"Mimi nilikuambia kiatu. Wewe umeninunulia jahazi la ukoo. Sikiliza, Pilang. Ukitaka kushuka na hili, shuka, bahari si yangu. Kwenye kamba yangu, hapana. Utakaa na kamba kama ulivyokuwa."

Njiani kurudi nilikuwa nimekasirika, sijui na nani. Kesho yake ni Jumapili, Bi Araceli anapanda meli. Nguruwe ameshaliwa na watu wa mjini. Kama lisingebadilishwa siku hiyo hiyo, basi wifi yangu angeshika kamba mpaka uzeeni, na alilijua hilo kuliko mimi.

Tulipofika uani akasema analirudisha, anachukua lile dogo.

"Lile dogo halimtoshi mtu," akasema Tikyo.

"Linanitosha."

"Wewe tu. Hili ni la sisi sote, dada, wewe mwenyewe ulisema. Weka sifongo jingine, zuri. Nitakushonea mkanda. Mimi nitakaa pale pale majini, sitakuacha, mimi..."

Hapo nikaelewa, nadhani kwa mara ya kwanza, kwamba mume wangu hakulipenda pezi. Alipenda lenye nafasi yake ndani. Alitaka dada yake asiende mahali asipoweza kumfuata.

Pilang alikaa kwenye ngazi ya mlango. Akavua soksi ya kulia, mbele yetu, mbele ya watoto, mbele ya jirani aliyekuwa anachungulia. Sikuwa nimeuona mguu ule uchi tangu hospitali.

"Kaka," akasema, "tazama. Huu ndio wa kununuliwa kiatu. Huko chini siendi na nyumba. Siendi na wewe. Nakwenda peke yangu, na kitu kikichomoka kinachomoka kwangu peke yangu. Nataka kitu kinachonikaa mimi. Kisimkae mwingine, sijali."

Miaka yote niliyokaa naye sijawahi kumsikia akisema *nataka*. Tikyo aliutazama ule mguu, kisha akatazama pembeni. Akaingia ndani. Nikadhani amesusa. Akatoka na ufunguo wa pikipiki, ile ile, ambayo tangu ajali alikuwa akimpakia kila mtu isipokuwa dada yake, akanipa mimi.

"Wewe mpakie," akasema. "Mimi siwezi. Lakini nendeni, duka litafungwa."

Nikaendesha. Naendesha vibaya na watu wanajua. Pilang nyuma kalikumbatia pezi, na upepo ulivyolikamata nilikuwa nikiona tutaruka.

Bi Araceli alikuwa anafunga boksi la mwisho. Alilichukua pezi, akalipitisha mkono, akaona mikwaruzo ya mchanga, kisha akalileta puani.

"Hili limekaa na samaki?"

"Pezi likae na nani?" nikajibu. Mdomo wangu huo.

Hakucheka. Akasema makubaliano yalikuwa lisiharibike, na hili limeharibika, na zaidi ya hayo lile dogo kuna binti wa Cebu ameliulizia kwa simu. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nimweleze juu ya utu, ubinadamu na hukumu ya siku ya mwisho. Pilang akaniwekea mkono begani. Akavuta kiti, akakaa, akavua soksi zote mbili, akaning'iniza miguu kama alivyoambiwa siku ile.

"Uliniuliza nani atavaa," akasema. "Nilikudanganya. Ni mimi. Mguu wangu ndio huu. Nilikuwa nazamia kabla haujawa hivi, na nikikosa hilo dogo sizamii tena."

Bi Araceli akapiga magoti pale chini, mama mzima wa Manila na miwani yake, akauchukua mguu ule mikononi, akaupima kwa vidole kama anavyopima samli mtu asiyemwamini muuzaji. Akaleta maji ya sabuni. Mguu mzima uliingia kwa kubana, kidole kidogo kikagoma kisha kikakubali. Ule mgonjwa aliuvalisha soksi nene ya mpira, ukaingia, ukakaa. Akamwambia achezeshe vidole, akauliza kama kuna ganzi. Akalishika bapa kwa mikono miwili akavuta kwa nguvu zake zote, na kiti kikaja naye, na Pilang juu yake, na pezi halikutoka.

"Binti wa Cebu ana miguu miwili," akasema huku anahema. "Atapata jingine." Lile kubwa akalichukua, harufu na yote, akasema atalisugua kwa limau melini. Niliporudi nyumbani nilimpelekea ndizi zangu zote zilizobaki kwa mkono wa dereva wa basi, na sijui kama zilimfika.

Jumatatu Bwana Arnulfo alitoa ngalawa kabla wageni hawajanywa chai. Kiti cha kamba kilikuwa kitupu, nikakikalia mimi. Tikyo naye alikuja, na tulipofika kwenye kina alikuwa wa kwanza kuruka. Pilang alikaa ukingoni, akajivalisha mwenyewe kwa maji ya sabuni, pole pole, kidole kwa kidole, akateremka. Tikyo akamshika mkono wa juu, pale pale pa siku zote. Wakaelea hivyo kwenye boya, kaka na dada, na Bwana Arnulfo anangoja, na mimi nangoja.

"Niachie, kaka," akasema Pilang.

"Nikikuachia utazama."

"Ndiyo. Ndiyo kazi yenyewe."

Tikyo alinitazama mimi kule juu, anatafuta wa kumsaidia. Mimi nilikuwa namwonea huruma, lakini sikumsaidia. Akafungua vidole. Pilang akavuta pumzi ya mwisho, ile ndefu, akainama, lile pezi kuukuu likatoka nje ya maji mara moja likaingia bila hata kurusha tone.

Niliishika kamba kwa mikono miwili nikingoja ivutwe. Haikuvutwa. Haikuguswa. Tikyo alikuwa kalaza uso majini anatazama chini, na nilipomuuliza amefika wapi akanyanyua kiganja ninyamaze. Bwana Arnulfo naye alikuwa ameshazama kumpokea. Nilisali, na katikati ya sala nikasahau ninasali nini.

Wakatokea pamoja. Pilang alipumua mara mbili tatu, akatoa ishara, rangi ya midomo yake ilikuwa rangi ya midomo. Mkono wa Tikyo ulishakwenda kumdaka, mazoea hayo, na njiani ukasimama. Akauweka juu ya boya.

"Limechomoka?" akauliza.

"Halijachomoka."

"Umefika mwisho wa kamba?"

"Nimefika," akasema Pilang. "Bwana Arnulfo anasema anaweza kuiongeza."

Tikyo alikuwa analia waziwazi, maji yamejaa ndani ya miwani yake ya kuzamia, na hakuivua. Mimi nilianza kuifungua kamba kwenye kigingi kabla sijaambiwa.

"Basi nenda," akamwambia dada yake, na mkono wake ukabaki pale kwenye boya.